Chini Wapi, Baba?

Mshangano, Songea
12 Februari 1996

Ndugu Muhsini Bakili,
Tunduru.

Salaam. Mimi ni Mwalimu Benigna Haule. Nafundisha darasa la tatu katika shule anayosoma binti yako Mwanaisha. Nimehamia hapa Januari kutoka Mbinga, kwa hiyo hatujapata kuonana. Dada yako Bi Zuhra, anayekaa na mtoto, ndiye aliyenielekeza nikuandikie, na barua hii atampa utingo wa basi anayefahamiana naye.

Sina habari mbaya. Mwanaisha hajambo, anawahi shuleni, madaftari yake ni safi. Nakuandikia kuhusu kusoma kwake.

Kila nikipokea darasa jipya, namwita mtoto mmoja mmoja mezani kwangu wakati wenzake wanaandika. Nampa ukurasa wa hadithi ambayo hajapata kuiona. Anasoma kwa sauti nami nasikiliza anakwama wapi na anaruka neno gani. Akimaliza nafunika kitabu, namwuliza ilikuwa habari gani. Mwanaisha alisoma vizuri kuliko wote. Hakukwama popote, na sauti yake ilikuwa nzuri hata watoto waliokuwa wanaandika wakaweka kalamu wakasikiliza.

Hadithi ilikuwa ya mzee aliyepeleka mahindi ghalani. Akakuta mlinzi amekwenda msibani na mlango umefungwa kwa kufuli, mvua ikaanza, akarudi nyumbani na magunia yake. Nikamwuliza, "Kwa nini mzee alirudi na magunia?" Akanitazama. Nikauliza tena kwa maneno mepesi zaidi. Akaanza kunisomea sentensi za mwanzo, neno kwa neno, na kitabu kiko chini ya mkono wangu kimefunikwa.

Aliyemfuata ni mtoto anaitwa Devota. Huyo alisoma kwa kuvuta silabi mpaka jasho likamtoka puani. Lakini nilipofunika kitabu alinieleza yote, akaongeza kwamba mzee yule alifanya uzembe kuondoka nyumbani bila turubai.

Nimempima Mwanaisha tena kwa hadithi nyingine, ikawa vile vile. Anayatamka maneno yote lakini habari haimfikii. Naomba unisaidie: alikuwa anazungumza lugha gani kabla ya kuja Songea? Aliwahi kuugua masikio? Na unaniruhusu nibaki naye baada ya masomo, Jumanne na Alhamisi?

Wako katika kazi,
Benigna Haule


Tunduru
3 Machi 1996

Mwalimu Benigna Haule,

Assalaam alaykum, au salaam kwa namna yenu. Barua yako nimeipata baada ya Idd, mvua zimeikata barabara na basi lililala njiani.

Mwalimu, nimeisoma barua yako mara nyingi na sijui nikujibu vipi bila kukuvunjia heshima. Huyu mtoto unayesema habari haimfikii, mwaka jana nilipokuja Songea alinisomea gazeti zima mbele ya wageni. Wazee walimtunza. Mimi niliishia darasa la nne. Kijijini kwetu mtu aliyeweza kusimama na kusoma karatasi bila kugugumia tulimwona kama bwana shauri. Mwanangu ana miaka tisa na anasoma hivyo, halafu naambiwa anazidiwa na mtoto anayevuta silabi.

Nikujibu uliyouliza. Nyumbani tulizungumza Kiyao. Mama yake, Allah amrehemu, alifariki Mwanaisha akiwa na miaka sita, ndipo nikampeleka kwa shangazi yake. Masikio yake ni mazima.

Habari ya kubaki baada ya masomo naielewa. Hata huku walimu wana twisheni zao, siku hizi kila mtu anatafuta riziki yake, sikulaumu. Lakini usijisumbue. Januari ijayo namhamishia shule mpya ya kulipia, ile inayofundisha kwa Kiingereza. Desemba alifanya usaili, wakampa ukurasa wa Kiingereza akausoma wote, mwalimu wao akampigia makofi. Dunia imebadilika, mwalimu. Huku Tunduru wanakuja Wathai na watu wa Sri Lanka kununua mawe. Wanazungumza mbele yangu mimi nikiwa dalali, na mimi nasimama natabasamu kama mlango. Sitaki mwanangu asimame hivyo.

Wako,
Muhsini Bakili


Mshangano, Songea
18 Machi 1996

Ndugu Muhsini,

Sitozi chochote. Ningekuwa natoza ningesema katika barua ya kwanza, maana sioni haya kusema bei. Natumia saa zangu mwenyewe, na Bi Zuhra anaweza kuja kukaa nasi wakati wowote.

Ulivyoandika juu ya wale wanunuzi nimekuelewa sana. Kwa hiyo nilimwuliza Mwanaisha kuhusu ule usaili. Nikamwambia anisomee kwa kichwa ukurasa aliopewa, maana bado anaukumbuka. Akausoma kwa ufasaha. Nikamwuliza ulikuwa unasema nini. Akasema, "Kiingereza."

Nisamehe nikisema wazi. Ukimhamisha sasa hivi, atasimama pale pale unaposimama wewe, tofauti ni kwamba yeye atakuwa anatamka. Mwache kwanza aelewe kwa Kiswahili. Mtu akishajua kwamba maandishi yanamwambia kitu, lugha nyingine inamjia kwa urahisi. Mimi mwenyewe niliingia shule nikijua Kingoni tu.

Nimeanza naye Jumanne iliyopita kwa idhini ya shangazi yake. Nitakujulisha.

Benigna Haule


Majengo
20 Aprili 1996

Kaka yangu Muhsini,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo. Mimi sijambo, biashara ya nguo za mitumba inakwenda, kibanda nimekiezeka upya. Ninakuandikia kuhusu mtoto.

Kaka, Mwanaisha hasomi tena. Zamani wateja wakija wananunua huku wanamwambia mama tusomee, anachukua hata karatasi ya kufungia sukari anasoma watu wanafurahi. Sasa nikimpa anasema kichwa kinauma. Juzi nilimlazimisha, akafungua mdomo akatazama karatasi, akafunga mdomo. Usiku anajikunja ukutani halali vizuri.

Nilikwenda shule nikachungulia dirishani. Mwalimu anampa kitabu mbele ya wenzake, akisoma sentensi moja anamwambia hapo hapo, maana yake nini. Anasoma nyingine, maana yake nini. Watoto wamegeuza shingo wote wanamwangalia. Mimi siyo msomi, elimu yangu ni ya watu wazima, lakini hata mimi ningenyamaza.

Mwalimu siyo mtu mbaya. Anakuja hata kwangu kunisalimia. Ila mtoto anaisha. Andika wewe mwanaume.

Dada yako,
Zuhra


Tunduru
1 Mei 1996

Mwalimu,

Dada yangu ameniandikia. Nilikuwa na mtoto anayesoma, sasa nina mtoto asiyesoma. Hiyo ndiyo kazi uliyoifanya.

Naomba umwache. Asibaki tena baada ya masomo. Shule mpya watampokea Januari, na mpaka wakati huo afundishwe kama watoto wengine. Sitaki barua nyingine kuhusu jambo hili.

Muhsini Bakili


Mshangano, Songea
9 Juni 1996

Ndugu Muhsini,

Umesema usiandikiwe tena, nami nilikaa kimya mwezi mzima. Naandika sasa kwa sababu kuna jambo limetokea, na Bi Zuhra amenihimiza nikwambie mimi mwenyewe.

Kwanza, ulikuwa na haki ya kukasirika. Nilimkatiza mtoto kila sentensi, tena hadharani. Nilikuwa nataka kumwonesha mahali maana inapokaa, na yeye akaona anavuliwa nguo. Niliacha siku ile ile nilipopata barua yako.

Baada ya hapo Bi Zuhra alikuja kwangu Mshangano siku ya Jumamosi, yeye na Mwanaisha, kununua maharage. Tulikaa jikoni tukiyachambua. Nikasema, bila kumtazama mtoto, "Mwanaisha, ile hadithi ya mzee na mahindi shangazi hajaisikia. Hebu msimulie kwa Kiyao, mimi sitaelewa hata kidogo." Alichambua maharage machache. Halafu akaanza. Ndugu Muhsini, mtoto aliongea. Alitumia mikono, alimwiga mzee anavyobeba gunia, shangazi yake akacheka mpaka maharage yakamwagika. Lakini alipofika mahali fulani akasimama. Bi Zuhra akamwuliza jambo, wakabishana kidogo, kisha Bi Zuhra akanigeukia.

"Anasema mzee alikuwa anakwenda kijiji kinaitwa Ghalani."

Mwanaisha hakujua ghala ni nini. Alidhani Ghalani ni mahali, kama Tunduru au Mbinga. Sasa alipofika kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli, akaona kijiji hakifungwi kwa kufuli, kwa hiyo yeye ndiye mjinga. Akanyamaza. Ile siku mezani kwangu alikuwa na jibu, ila aliona ni la kuchekesha.

Nikamwuliza kwa nini hakuuliza neno hilo. Akasema polepole kwamba darasa la kwanza aliuliza neno, wenzake wakamcheka kwa lafudhi yake, wakamwita Myao wa korosho mwaka mzima. Baadaye akagundua kwamba ukisoma haraka na kwa sauti nzuri, watu wanakupigia makofi na hakuna anayekuuliza kitu. Yule mtoto tuliyemshangilia sote, mimi na wewe na wateja wa Bi Zuhra, alikuwa anakimbia.

Sikumlazimisha tena. Yeye ndiye aliyesema atakuja Jumamosi nyingine. Sasa tunafanya hivi. Anakaa na Devota, yule wa silabi. Mwanaisha anasoma aya moja taratibu, Devota anasimulia. Halafu wanabadilishana, Devota anasoma na Mwanaisha anasimulia, kwa Kiswahili au kwa Kiyao, na Bi Zuhra anatafsiri akiwepo. Neno lisilojulikana hakuna anayelicheka, maana Devota naye ana yake chungu nzima, na mimi la Kiyao silijui hata moja. Devota ameanza kusoma kwa kasi kidogo kwa kumfuata mwenzake. Mwanaisha amepunguza mwendo. Ukimsikia leo utasema amerudi nyuma, maana anasita. Anasita kwa sababu anafikiri.

Nina ombi moja tu, nawe ukikataa sitarudia. Vitabu vya darasani vinasema habari za watu asiowajua. Mwandikie wewe barua. Si ya kumwonya asome kwa bidii. Mwandikie siku yako inavyokwenda, toka unapoamka. Hakuna habari anayotaka kuielewa kuliko hiyo.

Benigna Haule


Tunduru
7 Julai 1996

Mwanangu mpenzi Mwanaisha,

Natumaini hujambo pamoja na shangazi yako. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mwalimu wako amesema nikuandikie siku yangu inavyokwenda. Nilikuwa sitaki, kisha nikaona hakuna ubaya.

Naamka kabla ya adhana. Huku Julai kuna baridi na ukungu unakaa mtoni mpaka jua lipande. Naswali, nakunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Halafu nakwenda kazini na wenzangu. Tuna rafiki mmoja anaimba muda wote wa kazi ingawa sauti yake mbaya, lakini akinyamaza tunamwita jina kila mara mpaka aitike, maana akinyamaza hatupendi. Tukitoka chini saa kumi tunanawa mtoni, tunapika ugali na dagaa. Udongo wa huku ni mwekundu, unaingia kichwani hata ukioga unabaki kwenye mto wa kulalia. Jioni nashona nguo zangu au nasikiliza redio ya jirani. Nakukumbuka sana wakati huo.

Biashara ya mawe inaendelea vizuri, duka ni lile lile unalolijua. Usiwe na wasiwasi. Januari utakwenda shule yako mpya.

Msaidie shangazi kazi.

Baba yako,
Muhsini


Majengo, Songea
4 Agosti 1996

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya njema hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Hapo juu nimeandika kama tulivyofundishwa. Sasa naandika yangu. Mwalimu amesema hatanisahihisha.

Baba barua yako nimeisoma. Siku ya kwanza nilimsomea shangazi haraka akafurahi akasema kaka hajambo. Siku ya pili nikaisoma polepole peke yangu. Sasa kuna mahali sielewi. Mwalimu anasema mahali usipoelewa weka kidole. Nimeweka kidole.

Umesema mkitoka chini mnanawa. Chini wapi, baba? Duka halina chini. Nilipokuja likizo nililiona, lina meza na mizani na wewe ulikuwa umevaa shati jeupe. Mtu wa mizani hapati udongo kichwani. Na huyo rafiki yenu kwa nini akinyamaza mnamwita jina? Dukani mtu akinyamaza anaonekana yupo. Nadhani huko kuna giza.

Nilimwuliza shangazi akasema soma tu usiulize mambo ya wakubwa. Nilimwuliza mwalimu akasema yeye hajui, aliyeandika ndiye anayejua, muulize yeye.

Devota anakusalimia. Sasa anasoma ukurasa mzima. Mimi nimejifunza neno ghala, neno turubai na neno shehena. Ghala siyo kijiji.

Nakuuliza tena. Chini wapi?

Mwanao,
Mwanaisha Muhsini


Tunduru
25 Agosti 1996

Mwalimu Benigna,

Barua ya mtoto nimeipokea kwa utingo, nikaisomea pale pale kando ya basi. Nililazimika kwenda kukaa nyuma ya vibanda vya wauza chai.

Dada yangu hajui, na wewe hujui, na hakuna mtu wa Songea anayejua. Mimi siyo dalali tena tangu Novemba mwaka jana. Mtaji wangu wote niliuweka kwenye mzigo mmoja wa mawe. Wanunuzi walipoyatazama walikuwa wanaambiana mbele yangu kwamba yana nyufa ndani. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilijua maana ya kicheko kile walipokwisha kuondoka bila kununua hata jiwe moja. Duka nimeliacha. Tangu hapo nachimba kwa mikono yangu katika shimo la mtu mwingine. Yule rafiki anayeimba tunamwita kwa sababu shimo likimwangukia hatutamwona, tutasikia tu kimya chake.

Nimewaandikia wakubwa barua ngapi mwaka huu. Dada yangu ni mtu mzima na mjanja wa biashara, amezisoma zote, akasema kaka hajambo. Mtoto wa miaka tisa ameweka kidole kwenye neno moja.

Kwa hiyo nakujibu jambo ambalo hukuniuliza tena. Januari hatahama. Usidhani ni kwa sababu sina uwezo, ingawa uwezo kweli sina. Ningekuwa nao ningekwambia vile vile. Nimeona tofauti ya kutamka na kusoma. Kiingereza atajifunza, nataka ajifunze, lakini akifika kwa watu wanaocheka ajue wanacheka nini.

Barua ninayomjibu nimeifunga ndani ya hii. Mpe aisome peke yake kwanza, kabla ya shangazi yake.

Naomba radhi kwa maneno yangu ya Mei.

Muhsini Bakili


Tunduru
25 Agosti 1996

Mwanangu Mwanaisha,

Umeuliza vizuri. Chini ni shimoni. Nachimba mawe, siyauzi tena. Shimo ni refu na lina giza kama ulivyosema, tunashuka kwa kamba na tochi. Sikukwambia kwa sababu nilitaka uendelee kuniona na shati jeupe. Duka halipo tena, na nililokuandikia juu ya duka halikuwa kweli. Mambo mengine yote ya barua ile ni kweli, hata rafiki anayeimba na sauti yake mbaya.

Sijaumia. Ila wiki iliyopita shimo la jirani liliporomoka. Watu walitoka salama lakini siku ile sikula.

Mwambie shangazi kile chumba cha uani asimpangishe mtu kwa sasa. Nguo zangu alizotaka kunitumia kwa utingo azihifadhi huko huko, asizilete. Na muulize yule jirani yenu mwenye shamba la Mshangano kama amekwisha kupata mtu wa kulima naye msimu huu.

Umsalimie Devota. Mwambie asiogope silabi.

Baba yako,
Muhsini


Mshangano, Songea
8 Septemba 1996

Ndugu Muhsini,

Radhi nimeipokea, na mimi nilikwisha kukuomba yangu, basi tumemaliza.

Nimempa Mwanaisha barua yako jana, Jumamosi, hapa kwangu. Nilimwambia ni yake peke yake, nikaenda uani kuanua nguo. Ila nilimwona kwa dirisha, na kwa kuwa kazi yangu ni kutazama watoto wakisoma, nitakwambia nilichokiona.

Hakutoa sauti. Tangu nimjue, sijapata kumwona akisoma bila sauti, hata midomo ilikuwa haichezi. Alisoma mstari wa kwanza, akakaa. Akaendelea. Katikati alijifuta macho kwa kiganja, kisha akacheka kidogo, nadhani ni pale kwa yule mwimbaji wenu. Akafika chini, akarudi juu mistari michache, akaweka kidole, akasoma tena hapo hapo. Nilikuwa na nguo zote mkononi na sikukumbuka kuingia ndani.

Alipotoka kuja uani alinipa barua nami niisome. Akasema, "Mwalimu, baba anarudi."

Nikaisoma yote. Nikamwuliza, "Imeandikwa wapi?"

Akasema, "Haijaandikwa."

"Sasa umejuaje?"

Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza Devota. Mtu anayekaa mbali hajali chumba cha uani kina nani. Mtu anayekaa mbali anataka nguo zake zimfuate. Na mtu anayeshinda shimoni Tunduru haulizi shamba la Mshangano. Hakukwama, hakuomba nimsaidie, hakuniuliza kama ni sahihi.

Sijamwambia Bi Zuhra chochote, hiyo ni kazi yako na ya mwanao. Lakini leo asubuhi, nikitoka kanisani, nilipita Majengo nikamkuta Mwanaisha anafagia kile chumba. Shangazi yake amesimama mlangoni anamwuliza ni wa nani, naye anamjibu ataambiwa.

Ndugu Muhsini, kama mtoto amekosea, niandikie upesi nimweleze kwa upole, maana ana uhakika. Kama hakukosea, usiandike. Panda basi.

Benigna Haule